Mimba Uliyopewa na Watu

Mpendwa dada Tupo,

Sekela ameingia ndani sasa hivi amejifunga boga tumboni kwa kanga yangu, mkono mmoja kiunoni, anatembea kama bata. "Hodi, mama, nimechoka, nina mtoto mzito." Boga likachomoka chini ya kanga, likabingirika mpaka mlangoni, naye akalikimbilia huku analigombeza, "We mtoto, rudi hapa!" Nilikuwa nimeshafungua mdomo nicheke. Ikupa, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda, akanitangulia kucheka, akasema, "Mwangalie, kama mama yake mkubwa siku zile!" Halafu akajishika mdomo.

Ikupa unamkumbuka. Ni yule binti wa jirani yangu, wa kwaya, mwenye kucheka mpaka akatoa machozi. Siku hizi naye ni mama, mtoto wake amemwachisha ziwa mwezi uliopita. Alikuja kuazima begi langu jeusi. Anaondoka leo kwa basi la saa nane, anakwenda kule kule ulikokwenda wewe, kutoa mayai.

Ndiyo maana nimekaa kuandika mchana huu, mpunga uko juani kwenye turubai na kuku hawanipi nafasi. Dada, naomba ruhusa yako. Ulinifunga mdomo pale hospitali, nami niliapa. Najua ruhusa yenyewe haiwezi kufika. Mpaka nimpate mtu wa kuvuka na barua mpakani Kasumulu, mpaka afike Karonga, mpaka akuulizie sokoni, Ikupa atakuwa ameshachomwa sindano nusu. Lakini siwezi kulitoa jambo lako nje kabla sijakuambia wewe kwanza, hata kama ni kwenye karatasi tu.

Wewe ndiye uliyenilea. Mama akiwa majarubani kutwa nzima, mimi nilikuwa mgongoni kwako, mpaka ukawa na alama ya fundo la kanga kwenye bega. Mwaka ule mto ulipofurika ukaingia mpaka kanisani, ulinivusha mgongoni nami nimeshika viatu juu ya kichwa chako. Viatu vilikuwa jozi moja, Jumapili hii vyako, ijayo vyangu, na zamu yangu ikifika ulijaza majani makavu ya mgomba kwenye ncha ili visinivuke. Watu walisema, huyu Tupo atakuwa mama mzuri, ameshazoea. Walisema hivyo ukiwa na miaka kumi.

Ukaolewa Ipinda. Ukamaliza mwaka, ukamaliza wa pili, mpaka sita. Mimi nikaja kuolewa hapa Njisi nyuma yako na Sekela akazaliwa kabla hata sijazoea njia ya kisimani. Nilipokuletea mtoto umwone, moyo wangu ulikuwa mdogo kama punje. Ulimpokea, ukamnusa utosini, ukasema, "Ananuka mchele mpya." Basi. Hukumrudisha mpaka jioni.

Wakwe zako hawakuwa watu wabaya, na hilo nataka niliseme. Mama mkwe alikuwa anakuletea mizizi ya kuchemsha, anakaa mlangoni mpaka uimalize kikombe chote. Baba mkwe, kwa desturi yetu, hujawahi kumtazama usoni. Ukisikia kikohozi chake unapita nyuma ya migomba. Miaka sita mmeishi boma moja na sauti yake unaijua kwa kukohoa tu.

Halafu akaja yule mama aliyejiita Mshauri. Siku hizi hatushangai. Ushirika umelala, wanunuzi binafsi wa kakao wanapita nyumba kwa nyumba na mizani zao, mabasi ya watu binafsi, zahanati za watu binafsi, hata maji ya kunywa yana mwenyewe. Kwa hiyo tuliposikia kwamba kuna kliniki ya binafsi huko Dar inatafuta mayai ya wanawake, tuliona ni biashara nyingine tu imefika. Tulikwenda wote wawili kumsikiliza pale nyumba ya wageni Ipinda, wewe ukiwa bado na unga wa vitumbua mikononi.

"Kuku wako akitaga, ukaokota mayai, kuku anakufa?" aliuliza.

"Hafi," wanawake wakajibu.

"Anaacha kutaga?"

"Haachi."

"Na ninyi ni vivyo hivyo, mama zangu. Kila mwezi mwili unatupa yai bure. Kuna mwanamke mwenzako analia, angelipata hilo moja tu angefutwa machozi."

Ukapaza sauti kutoka nyuma, "Lakini kuku hatumchomi sindano, mama!" Watu walicheka mpaka mwenye nyumba akachungulia. Hata Mshauri alicheka. Akasema ni sindano ndogo, kama kuumwa na siafu, siku kumi na kitu tu, halafu unalazwa usingizi kidogo, unaamka, unarudi kwako. Hatari? "Kichefuchefu kidogo." Alisema kliniki hainunui, kununua kitu cha Mungu ni dhambi, wanatoa asante tu. Wengine walikuwa wanaifikiria asante hiyo. Wewe hukuubana mkono wangu kwa sababu ya asante. Uliubana aliposema kila anayekubali atapimwa kizazi bure, chote, kwa mashine.

Kisha akasema wanataka waliokwisha kuzaa tu. "Mtoto wako ndiye cheti chako. Njoo naye nimwone."

Tulirudi mpaka darajani. Hapo ukasimama. "Nikopeshe Sekela."

"Nikukopeshe vipi, dada?"

"Siku moja. Nimpeleke, aonekane, nikurudishie. Si damu moja?"

Tukamfundisha siku tatu akuite mama. Alikuwa na miaka miwili na miezi kadhaa, anasema "mama mku" tu kwa sababu mama mkubwa ni neno refu. Ulikuwa na karanga kwenye kiganja. "Mimi nani?" "Mama mku." Hapati karanga. "Mimi nani?" Siku ya tatu akasema "mama", nawe ukampa karanga zote, ukageuka ukutani ukajifanya unatafuta kitu. Nilikuona. Mbele ya Mshauri alisema vizuri kabisa, na yule mama akamshika kidevu, akasema, "Mmefanana mno." Tulivyocheka njiani! Sekela alichukua wiki nzima kurudi kuniita mimi mama, na wala sikukasirika.

Sikulazimishwa, dada. Niliona ni njia. Nilifikiri watakupima, watasema shida ni hii, dawa ni hii, utarudi Ipinda na mwaka utaisha tukiwa na mtoto. Sikujua, wala wewe hukujua, kwamba pale walikuwa wanatafuta mayai yako, wewe mwenyewe hawakuwa na haja nawe.

Wakwe uliwaambia unakwenda Mbeya kumuuguza shangazi. Ulikaa wiki tatu. Uliporudi ulikuja kwangu kwanza, kabla ya kwenda kwako, ukiwa umebeba viatu mkononi kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Hukunisalimia. Ulisema, "Mdogo wangu, sikuwa mimi!"

"Hukuwa wewe nini?"

"Kizazi! Ni kizima! Daktari amesema mayai yangu ni mazuri, ni mengi, amemwita mwenzake aje ayatazame. Miaka sita nakunywa mizizi, na sikuwa mimi!" Ukachukua ungo wangu, ukacheza nao uwanjani, kuku wakakimbia. Halafu ukakaa ghafla, ukashika tumbo, ukasema ni gesi, umefunga choo tangu juzi.

Nilikuuliza kama ulitia sahihi mahali. Ukasema ndiyo, karatasi nyingi, za Kiingereza.

"Ziliandikwa nini?"

"Kwamba nimekubali."

"Umekubali nini?"

"Kwani mimi najua? Nimekubali."

Tukacheka tena. Nawaza mara nyingi kicheko kile. Mshauri alikuwa anasema ni hiari, hakuna anayeshikwa mkono. Sisi wa darasa la saba, tunaosoma barua ya kanisa kwa kidole, hiari yetu ilikuwa ya namna gani pale? Hukuulizwa ukifika nyumbani nani atakutazama. Hukuambiwa dalili hii ukiiona kimbia hospitali. Walichukua walichokitaka, kesho yake wakakupandisha basi la safari ya kutwa nzima.

Tumbo likaja. Siku mbili tu na lilikuwa la miezi sita. Mama mkwe alikukuta umeinama unaosha vyombo, akakusimamisha, akakushika huku na huku, akaachia vigelegele. Hakuuliza. Kwa nini aulize? Mwanamke aliyekaa miaka sita bila mtoto anarudi kutoka safarini amevimba miguu, anatapika, hawezi kulala chali, tumbo hilo hapo, huenda siku zote alilificha chini ya kanga. Hata mimi ningepiga vigelegele. Jioni ile Ipinda nzima ilijua. Nami nikapata habari kutoka kwa wauza dagaa.

Nilikuja siku iliyofuata na samaki mbasa wawili. Ulikuwa umekaa umeegemea ukuta, unapumua juu juu kama mtu aliyepanda kilima. Uliniambia mkojo hautoki, ukitoka ni mweusi kama chai. Nikasema, twende hospitali sasa hivi. Ukanishika kanga.

"Ngoja. Sikiliza kwanza. Baba mkwe amepita asubuhi. Ameacha jogoo mlangoni, amefungwa miguu. Akakohoa. Halafu akasema, kama anauambia mlango, 'Ndaga, mwanangu.'" Ulikuwa unalia na unacheka. "Miaka sita, mdogo wangu. Ameniita mwanangu. Ameniambia asante."

"Dada, hilo tumbo si mtoto."

"Najua. Nimesomea mimi? Lakini najua. Niache siku mbili tu nionje. Likishuka nitasema imeharibika. Wanawake wangapi zinaharibika?"

Nilitoka nje nikakutana na mama mkwe wako jikoni, anakuchemshia uji wa ulezi. Alinitazama machoni. "Mama Sekela, wewe ni mdogo wake, hawezi kukuficha. Niambie. Ni kweli?"

Nikasema, "Ni kweli, mama."

Alinishika mikono yote miwili, yake ina majivu. Nilirudi Njisi na majivu yale kwenye mikono.

Siku ya nne tangu vigelegele vile hukuweza kusema neno zima bila kupumzika katikati. Shemeji alikufunga kwenye baiskeli na kukusukuma mpaka barabara kubwa, huku mama mkwe anakimbia nyuma na kitenge kipya cha kumpokelea mtoto, akiamini uchungu umekuja kabla ya wakati. Mimi nilikuwa nimepiga simu ya dukani kwa Mshauri. Mara ya kwanza aliniambia unywe maji mengi, ni kawaida. Mara ya pili ikaita tu. Mara ya tatu sauti ya kike ikasema namba haipatikani, na mpaka leo haipatikani.

Daktari aliniita mimi pembeni kwa sababu nilikuwa nimeandikwa kama ndugu. Aliuliza nani amekuchoma dawa zile na iko wapi karatasi yake. Sikuwa na karatasi. Alinieleza polepole, na ninamshukuru kwa upole huo. Alisema dawa zinazokomaza mayai mengi kwa mpigo zinaweza kuvimbisha vifuko vya mayai mpaka maji yakatoka kwenye mishipa ya damu yakajaa tumboni, na damu ikabaki nzito. Alisema ni hatari inayojulikana, si mkosi, na mwanamke anatakiwa aambiwe kabla, aangaliwe baada. Kifuko chako cha kulia kilikuwa kimejisokota kwa uzito, kikafa, wamekitoa. Cha kushoto kilikuwa na usaha. "Tumesafisha. Ataishi. Kuhusu kuzaa nisikudanganye, mama."

Nikauliza, "Angekuja juzi?"

"Pengine," akasema.

Neno hilo moja, dada. Naliamkia, nalilalia. Nikipepeta mchele liko hapo. Juzi ndiyo siku niliyosema ni kweli, mama.

Ulipozinduka, swali lako la kwanza lilikuwa, "Umewaambia?"

"Bado."

"Usiwaambie."

"Dada, wifi yako amekuogesha, ameona alama za sindano chini ya kitovu. Wanasema ulikwenda Mbeya kuitoa. Wacha niseme ukweli, niwaambie habari ya kliniki, wajue hukuua mtoto wa mtu."

Ulikuwa huna nguvu hata ya kugeuza shingo. Lakini ulisema, na kila siku nakusikia ukisema: "Wakijua hapakuwa na mimba, watasema tumbo la Tupo halijawahi kushika kitu. Afadhali waseme nilikuwa nayo nikaitoa. Angalau nilikuwa nayo. Apa." Nikaapa, mkono wangu juu ya shuka la hospitali, karibu na pale waliposhona.

Kwa hiyo nilikaa kimya mama mkwe wako alipolia uwanjani, "Umetunyima mjukuu wetu, Tupo, tulikukosea nini?" Nilikaa kimya shemeji alipotoa sanduku lako nje. Baba mkwe alikohoa ndani, mara moja, na hakutoka. Nikakusindikiza mpaka Kasumulu. Kwenye kizuizi ulinipa mkono kama mgeni, halafu ukarudi, ukanikumbatia, ukasema nimsalimie Sekela. Ukavuka daraja na wauza sukari.

Miaka miwili sasa na zaidi. Mvua mbili za kupandikiza mpunga bila wewe. Mama Chisomo anayevusha vitenge ndiye anayeniletea habari. Anasema umekonda, unauza mandazi, unakaa kwa watu wa mama yetu, hutaki kuolewa tena. Na akasema, bila kujua ananichoma wapi, kwamba wanawake wa sokoni wanapozungumza habari za uzazi, nawe husema, "Mimi nilishika moja, ikaharibika." Wanakupa pole. Unaipokea.

Hiyo ndiyo ninayotaka kukunyang'anya leo. Si siri tu. Ni mtoto wako wa pekee ninayekwenda kusema hakuwepo.

Nimejaribu njia nyingine zote. Muda ule ule, boga likiwa bado mlangoni, nimemwambia Ikupa, "Usiende. Hayo mayai ndiyo yaliyomharibu dada yangu." Akanijibu bila hasira, huku anakung'uta vumbi kwenye begi langu, "Mama Sekela, dada Tupo alitoa mimba. Kila mtu anajua, hata mtoto mdogo. Mayai hayahusiki hapo."

"Uliuliza hatari zake?"

"Niliuliza. Kichefuchefu kidogo." Akatabasamu. "Tena ni jambo la huruma. Kuna mtu kule analia, mimi ninayo, kila mwezi nayatupa. Ungekataa kumpa mwenzako maji?"

Maneno ni yale yale, ila mdomo ni mwingine, maana safari hii amekuja Mshauri mwingine, kijana wa kike, mpole, amepiga magoti kusalimia wazee. Na siwezi hata kusema jambo lenyewe ni baya. Huyo mwanamke anayelia kule, simchukii. Ningemjua ningekaa naye. Wewe ulikuwa unalia hivyo hivyo. Kama mtu angekaa na Ikupa akamwambia kwa Kiswahili, au kwa lugha yetu, dawa hii inafanya hivi, yuko aliyekwenda akakatwa, ukiona tumbo linajaa piga simu hii na nitaipokea, halafu Ikupa akasema bado nataka, ningembebea begi mwenyewe. Lakini wanamwambia kuku. Wanamchagua kwa sababu yuko mbali na hatarudi kuuliza. Wewe ungekwenda kumuuliza nani?

Kuna jambo lingine sijawahi kukuambia, wala sijui kama nalo unaliwaza huko. Yale mayai yalikuwa mazuri, daktari aliyasifu. Basi yupo mtoto, dada. Huenda wapo wawili. Wana mwaka na nusu sasa, wanatembea. Huenda mmoja ana ule mwanya wa mama, au anatembea haraka kama wewe, kisigino hakigusi chini, na mwanamke anayemlea anashangaa ameyatoa wapi hayo. Nikienda Kyela mjini na kukuta gari limesimama lina mtoto dirishani, namtazama mpaka wenyewe wanapandisha kioo. Ni wazimu tu, najua. Wewe uliyeitwa mgumba Ipinda, halafu muuaji, labda ni mama kuliko mimi, na hakuna karatasi hata moja yenye jina lako itakayomwambia huyo mtoto alikuja duniani kwa maumivu ya nani. Sijui kama neno hili ni la kukupa faraja au la kukuumiza. Nimeliandika, silifuti.

Saa sita imepita, kivuli kimeingia chini ya turubai. Nilisimama nikamtazama Ikupa kule kwao, anamsuka mwanawe nywele kabla ya kuondoka. Mama yake anapika wali wa safari. Wanaimba.

Nikimwambia ukweli, huenda asiniamini. Huenda aseme nimezua ili kukusafisha. Habari itafika Ipinda kabla ya jua kuzama, mama mkwe wako atajua nilimdanganya jikoni kwake, mume wangu atajua nilimkopesha mtoto wake akawe cheti cha uongo. Watacheka, dada. Watasema, kumbe hata mimba haikuwa mimba! Na mwanamke wa Karonga atakayekwenda kuuza mchele Ipinda atarudi nayo mpaka kwenye meza yako ya mandazi. Naijua njia yote itakavyopita. Na Ikupa anaweza kupanda basi vile vile, tukawa tumewapoteza wote wawili, wewe na yeye.

Lakini nilinyamaza mara moja, dada, ikatugharimu wewe. Sina matumaini makubwa. Ninayo madogo, ya mtu anayepanda mbegu za mwaka jana ambazo hajui kama zina uhai. Kama atasikia sentensi moja tu, kama akifika kule na tumbo likaanza kujaa akakumbuka kwamba mama Sekela alisema usingoje siku mbili, itatosha.

Nisamehe kwanza, halafu ukasirike. Ukikasirika, njoo unigombeze hapa, Sekela yupo, chumba cha nyuma kipo, hakuna wa kukufungia mlango kwangu. Ndaga, dada, kwa mgongo wako, kwa majani ya mgomba kwenye

Naitwa. Ni mama Ikupa, amesimama penye kakao, "Mama Sekela! We mama Sekela! Njoo umuage mwenzio, basi limewahi leo, linapiga honi barabarani!" Sekela ameshakimbia mbele. Naandika nimesimama. Dada, nakwenda, begi langu nalo liko kwake, nitamshika mkono mbele ya mama yake na nitasema, Ikupa, mimi nilikuwepo, mimi ndiye nilimkopesha mtoto, na tumbo la dada yangu halikuwa na